Duara Lililoangukia Makaburini

Kosta ya kutoka Mafinga ilikuwa haijafika Ifunda, na Mama Tekla alikuwa ameshauliza swali lilelile mara nne.

"Vitus mwanangu, ungesogea hatua ishirini tu, ungekufa?"

Vitus, mpimaji wa misitu, alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mama, sichagui mimi. Kompyuta inapiga kura, inatoa maduara matano. Nahesabu miti iliyo humo, kisha nakadiria shamba zima."

"Na moja likaangukia makaburini!"

"Likaangukia makaburini. Nikaandika sifuri."

"We baba, nani anapanda miti ya mbao juu ya mkwewe? Sasa kiwanda cha mbao kinasema shamba langu jepesi, miti haitoshi, nisubiri miaka sita. Nina miaka sabini na nne mimi!"

"Nikihamisha hilo, itabidi nihamishe na lile la bondeni, lililokuta miti imesongamana."

"La bondeni liache. Hilo lilipima vizuri."

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao nimezunguka mikoa mingi, na bado sijakutana na mtu anayekatia rufaa bahati nzuri.

"Lakini mama," Vitus akasema, naye sasa amekasirika, "makaburi yenyewe ni matatu tu. Ule uwazi uliobaki pembeni ungeupanda, ningekuta hata miti minne!"

Kosta ikasimama Ifunda. Mama Tekla akajifunga kanga yake vizuri, akateremka, kisha akamgeukia Vitus dirishani.

"Ule uwazi ni wangu. Na kwa hiyo miaka sita yenu, mtakuta nimeshahamia."