Wenye Nasuri Ni Wangapi?

Benchi la mbele ya duka la kinyozi alilitengeneza Seremala kwa mikono yake, lakini siku hizi alikuwa halikalii. Kahawa aliinywa wima, ameegemea mlango, akisingizia mgongo. Ukweli waliujua yeye na mkewe tu. Ilikuwa nasuri: kijitundu kilichojichimba pembeni mwa njia ya haja kubwa, kikawa kinavuja usaha, kinaziba, kinavimba, kisha kinapasuka tena. Juzi muuguzi alipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana ugonjwa huo, ili wakipatikana wengi daktari wa upasuaji aletwe kwenye zahanati ya mtaa. Seremala alimkazia macho, akamwambia, “Hapa hatuna.” Tangu hapo usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

— Mmesikia? Muuguzi kaondoka asubuhi. Mtaa mzima, sifuri! alisema fundi simu, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Sifuri? Haiwezekani, alisema Kinyozi.

— Kwa nini isiwezekane? Huo ugonjwa wa mabosi, wa viti vya kuzunguka. Kinazunguka kiti, kinatoboa.

— Acha hizo. Ni wa madereva. Injini inachemsha kiti, kiti kinamchemsha dereva.

— Dereva wetu mbona haonekani siku hizi?

— Yule anaringa tu. Tumekuwa si saizi yake.

Wakacheka. Seremala naye akacheka, kwa kuchelewa.

— Muuguzi kakosea, Redio aliendelea. Haya mambo hayaulizwi, yanahesabiwa kwa macho. Simama njia panda, tazama nani anatembea kama kabeba mayai.

— Hao viatu vinawabana! Wewe nenda msibani, hesabu wanaokataa viti. Halafu zidisha kwa misiba ya nchi nzima.

— Ongeza na mpirani! Kule nusu ya watu wamesimama.

— Basi nusu ya nchi ina nasuri!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kinyozi akafuta machozi, akamgeukia Seremala.

— Na huyu wetu? Mbona hakai siku hizi?

Seremala akaketi. Alijishusha taratibu juu ya mbao alizozipiga randa mwenyewe, na maumivu yakampanda mpaka kisogoni.

— Mgongo umepoa, alisema, akitabasamu.

— Mnaona? Redio alipiga makofi. Kijiweni kwetu, sifuri ya haki!

Seremala aliwatazama. Jamaa zake hawa hawakuwa na roho mbaya. Angekufa leo wangemzika vizuri na kumlilia kwa dhati. Ila kuwaambia unavuja usaha ukiwa umekaa nao benchi moja, hilo lilimshinda.

Mara akatokea mke wa dereva, macho mekundu.

— Hamjambo shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji. Bwana mkubwa katususa?

— Hajawasusa. Yuko ndani, kalala kifudifudi. Ana nasuri. Usukani umemshinda, gari kapewa mwingine. Muuguzi alipokuja, mume wangu alinikonyeza niseme hatuna, nami nikasema. Sasa analia kama mtoto. Hivi huyo daktari anakuja lini?

Redio alizima. Kinyozi akawa anaufuta wembe uliokuwa safi.

Seremala alijua kwamba daktari haji, na alijua ni midomo ya nani imemzuia. Angalau angesema, “Hata mimi, shemeji.” Akafungua kinywa.

— Mungu atamsaidia, alisema.

Mama wa watu akashukuru, akaondoka. Kinyozi akaingia dukani. Redio akainuka.

— Twende zetu, fundi.

— Tangulia. Nakuja.

Aliketi palepale. Suruali ilikuwa imelowa, na mtaa ulikuwa bado umejaa watu.