Jarida Lenye Majalada Mawili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa majaji wa tuzo za usanifu za mji wetu, bosi wetu mwenye jarida uliyekaa hapo mbele, wazazi, wapiga chapa, nanyi wapinzani wetu mlioshindwa kwa heshima: hamjambo?

Sisi hatujambo, tena leo hatujambo kupita kiasi. Tuzo mbili! Jalada bora, na kazi bora ya pamoja. Mnisamehe nikiringa kidogo. Chanda chema huvikwa pete, na mimi mhariri nimekuja na vidole viwili.

Vidole hivyo ni mabinti wawili, ndugu wa tumbo moja. Dada mtu ni mpiga picha wetu, mdogo mtu ndiye msanifu kurasa. Mnawaona meza ya nyuma, na mama yao katikati. Nani pale ofisini asiyejua kwamba walikaa miezi bila kusemezana, wakigombania nani atakaa na mama alipougua? Meza yao ya kazi ni moja, mmoja huku, mwingine kule, uso kwa uso, na kila neno lilipitia kwangu. Dada akitaka gundi, ananituma mimi nikaiombe hapo hapo mbele yake.

Likaja toleo maalumu kuhusu mtaa wetu. Wakagawana kurasa nusu kwa nusu, kila mmoja akazipanga kwa upande aliokaa yeye, wala hakuna aliyenyoosha shingo kutazama za mwenziwe. Nakala ya majaribio iliporudi, nusu ya jarida ilikuwa kichwa chini miguu juu. Mpiga chapa alicheka mpaka akakaa, kisha akaniuliza kama siku hizi tunawaandikia popo.

Bosi, wewe hukucheka. Ulisema mmoja wao ataondoka mwisho wa mwezi, na nimchague mimi. Haki ulikuwa nayo, siwezi kukataa. Ila ulitoka kabla ya kusikia kilichofuata. Dada mtu aliinuka, akafunga mkoba wa kamera, akasema:

"Niondoke mimi. Picha kila mtu anapiga. Jicho la mdogo wangu hamtalipata kwingine."

Mdogo mtu akaizunguka ile meza, akamshika mkono, akalia. Nami nililia, tusidanganyane.

Walipotulia, wakaichukua ile nakala iliyoharibika, wakaigeuza hivi na hivi. Mtaa si una pande mbili za barabara, na kila upande hudhani wenyewe ndio wa mbele? Basi wakaupa kila upande jalada lake, na nusu mbili zikakutana katikati, kwenye picha moja kubwa ya barabara. Ndilo jarida mlilokuwa mkiligeuzageuza mikononi, waheshimiwa majaji.

Je, kazi hiyo ni ya nani? Atakayenionyesha ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanzia, nampisha jukwaani sasa hivi.

Majaji, mama mzazi, na nyote mliotushika mkono, kwa kunipa masikio yenu nasema asanteni sana. Limebaki moja. Bosi, mwisho wa mwezi ni kesho kutwa. Uliniambia nichague, nimeshindwa, na majaji nao wameshindwa. Nakuomba mbele ya watu hawa, wote wawili wabaki.

Naona bosi anasimama. Anaitikia kwa kichwa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni shahidi wangu. Haya mabinti, njooni wote mchukue tuzo zenu, na kesho mnakuja kazini.