Pano ya ARRÊT

Jamani, neno moja la Kifaransa linatosha kuharibia Bunia asubuhi nzima. Siku ile watu wenye gilé, vizibao vya rangi ya chungwa, walisimika pano, kibao kipya cha barabarani, karibu kabisa na benchi la Honorine, muuza kahawa ya tangawizi. Pano ilikuwa na neno moja tu, ARRÊT, nao wakaondoka bila kumweleza mtu. Rangi haijakauka, polisi wa roulage, yule wa usalama barabarani, akapita: pikipiki isilale hapa tena, akirudi ataikamata. Kamate, mwendesha pikipiki ya abiria, akabaki ameshika usukani kama mtu aliyeambiwa arudishe mke kwa wazazi. Kona ile ndiyo parkingi yake ya kungojea abiria, na parkingi zingine zina wenyewe, hawapokei mtu wa kuja. Kwenye benchi wenzake walichangamka kupita kiasi, maana kahawa ilikuwa ya moto na shida ilikuwa ya mwingine.

— Ni ya kusimama tu, alisema muzee Zacharie, dereva wa zamani wa malori ya Komanda, wanayemuita Code kwa kujifanya anajua sheria zote za barabara. Unasimama, unaangalia kushoto na kuume, unaenda.

— Nisimame na niko nimesimama? Kamate akauliza. Siye tunalala hapa, Code!

— Basi weye umeheshimu kupita wote. Wakupe mudali.

Claude, wanayemuita Ministre, yaani waziri, kwa sababu ya koti lake, akatikisa kichwa.

— Muko nadanganyana. Arrêt ni kama mandat d'arrêt, ile karatasi ya kukamata mutu. Mwenye kutafutwa anakuja mwenyewe, anasimama chini ya pano, wanamupakia. Polisi hachoke tena.

— Yesu wangu! Honorine akashika termosi yake. Miye niko nauza kahawa ndani ya prizo, gerezani?

— Mwenda pole hajikwai, mama, Ministre akamtuliza. Uza polepole.

— Ile methali inaingia wapi hapa?

— Inaingia popote.

Kamate akacheka bila kupenda, akakasirika kwa sababu amecheka.

— Ni arrêt ya bisi, kituo cha basi! akasema. Ndiyo maana wananifukuza.

— Bisi, mu Bunia? Honorine akashangaa. Na ile mashimo?

— Ya umeme, Code akasema. Itapita juu, kwa kamba.

— Na umeme ikikatika?

— Tutabaki juu, tuombe.

— Hapana, ya chini ya udongo! Ministre akasimama. Wachimbaji ya dhahabu ya Kilo walishatoboa mpaka hapa, wanangoja bisi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Apone nani? Kamate akafoka. Mwenyeji ni miye, na niko naumwa!

Hapo akafika mama mmoja wa Marabo, jogoo kwapani. Akaisoma pano herufi kwa herufi, akatua mzigo wake chini yake.

— Mama, panda nikupeleke, Kamate akamkimbilia.

— Aksanti, mwana yangu. Nangoja bisi. Wameandika.

Mwalimu mmoja akasimama nyuma ya mama, kisha muuza samaki, kisha nani na nani. Watu wa kwetu wakiona mstari hawaulizi, wanaingia. Ministre naye akaingia na kikombe chake.

— Pa wengi pana Mungu!

Code akamfuata mbio, asije akakosa kiti. Wateja wote wa Kamate walikuwa pale, wamemgeuzia mgongo. Mara kofia ya roulage ikatokea ng'ambo, na Kamate, hana akili nyingine, akasukuma pikipiki ndani ya mstari nyuma ya Code.

— Weye! Sikukukataza?

— Silali, shefu. Niko mu mstari.

— Mstari ya nini?

— Ya bisi.

Polisi akautazama mstari, ulikuwa umeshapita kona. Akalainisha sauti.

— Inaenda wapi?

Code akamtazama Ministre, Ministre akamtazama muuza samaki, hivyo hivyo mpaka kwa mama wa Marabo, naye akamtazama polisi.

— Si weye ndiye serikali, baba?

Mstari mzima ukamgeukia.

— Panda, shefu, Kamate akasema, akiwasha pikipiki. Nikupeleke ukaulize kwa wakubwa.

Polisi akaangalia huku na huku, akakaza kofia, akapanda.