Pingamizi la Benchi

Ukitoka kwenye duka la vitabu vya serikali, lile lenye dirisha la vumbi na sheria za uvuvi zilizopauka kwa jua, ukavuka barabara, utakutana na benchi la mbao la watu watano ambalo siku zote limebeba saba. Hapo Mama Birika anauza kahawa, mwaka wa kumi na moja sasa, na hapo ndipo nchi inapoendeshwa kila mchana na watu ambao hawakupigiwa kura na yeyote. Ijumaa hiyo walikuwepo watatu tu, na mada ilikuwa benchi lenyewe. Gazeti la Serikali lilikuwa limetangaza sheria ndogo mpya: vitu vyote vilivyotelekezwa kando ya barabara vitaondolewa, na mwenye pingamizi apeleke barua halmashauri. Wiki nzima Mama Birika alikuwa akiwasikiliza wakilijadili tangazo hilo. Alimimina, alicheka nao, lakini moyoni aliogopa. Benchi likienda, wateja wataenda nalo, na yeye hakuwa na pengine pa kuanzia.

Gazeti lenyewe lilikuwa mkononi mwa Koma. Huyu mzee alisahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji cha serikali kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu kalamu yake nyekundu haikustaafu.

— Kurasa nne, makosa ishirini na sita, alisema Koma. Enzi zetu mtu angefukuzwa kazi!

— Mzee, tuambie sheria, achana na makosa, alisema Dakika, fundi saa aliyekuwa amevaa mkononi saa nne za wateja, anazijaribu. Imeandikwa "vitu vilivyotelekezwa", si ndiyo?

— Ndiyo. Na wamekosea kuiandika.

— Basi tumeshinda! Kitu kilichokaliwa hakijatelekezwa. Dawa ni kukaa. Tunagawana zamu, usiku na mchana, benchi lisikose makalio hata dakika moja. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure.

— Wahenga walisema hivyo kukusema wewe, alijibu Kipaza, mtangaza minada ambaye hata akinong'ona huwa anasikika ng'ambo. Sikilizeni hoja yenye akili. Hili benchi lina miaka mingapi hapa?

— Kumi na moja, alisema Mama Birika.

— Kumi na moja! Hilo si kitu tena, hilo ni mkazi! Mkazi hahamishwi bila kuulizwa maoni yake. Waje waliulize.

— Likinyamaza je? aliuliza Dakika.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, bwana! Wataogopa wenyewe.

Mama Birika alimjazia kikombe.

— Jamani, hebu mmoja wenu aniandikie hiyo barua. Nimeomba tangu Jumatatu.

— Barua haikurupukiwi, shemeji, alisema Koma. Haraka haraka haina baraka. Kwanza tujue benchi ni nini kisheria. Nina juzuu ya nne ya Sheria za Nchi nyumbani. Humo jengo ni kitu chochote chenye nguzo na kilichosimama juu ya ardhi. Benchi lina nguzo nne. Kwa hiyo sisi tumo ndani ya jengo.

— Jengo la nani? aliuliza Dakika.

— La umma. Na jengo la umma ambamo watu hukutana kila siku kujadili sheria linaitwaje?

Kipaza alisimama, kahawa ikamwagika.

— Bunge! Jamani, sisi ni bunge! Tunapitisha sheria yetu hapa hapa kwamba benchi haliguswi. Wanaoafiki waseme ndiyo!

— Ndiyooo!

Mpita njia mmoja, aliyejaa rangi ya njano kuanzia kofia mpaka viatu, alitua ndoo yake na kuomba kahawa.

— Karibu, mwanangu, alisema Mama Birika. Wewe ni mgeni hapa?

— Nimekuja kupima, mama. Nimepewa kazi ya kuchora mistari ya barabara, inaanzia hapo mlipokaa. Wameniambia nianze kesho ikiwa hakuna aliyepinga. Eti, mwisho wa kupeleka pingamizi ni lini?

Kila mtu alimgeukia Koma.

Koma alifunua gazeti. Alipitisha kidole kwenye kurasa zote nne, akarudia mwanzo.

— Mzee, si umelisoma mara saba? aliuliza Kipaza, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini.

— Nilikuwa nasahihisha, alisema Koma taratibu. Sikuwa nasoma.

Mama Birika alilichukua gazeti. Katikati ya wekundu wote ule tarehe ndiyo ilikuwa haina kosa, na Koma alikuwa ameiwekea alama ya vema. Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo.

— Dakika, saa ngapi?

Dakika alitazama saa zote nne.

— Saa nane na nusu. Au saa tisa kasoro kumi. Hii nyingine inasema…

— Nipe karatasi, alisema Koma. "Kwa kuzingatia kifungu…" Hapana. Nipe nyingine. "Kwa mujibu na kwa kuzingatia…" Nyingine.

Hasira zilimpanda Mama Birika. Siku tano amewamiminia watu hawa, na mistari miwili imewashinda! Alimnyang'anya kalamu, akaiweka karatasi juu ya paja na kuandika kwa herufi kubwa: "Benchi ni langu. Mnaoliita kitu kilichotelekezwa hamjawahi kulikalia. Njooni mnywe kahawa mwone." Akatia jina lake. Koma alinyoosha mkono kuipokea.

— Thubutu! alisema Mama Birika, na akatimua mbio, aproni ikipepea.

Alimkuta karani wa halmashauri akifunga dirisha. Alisukuma barua chini ya kioo, hana pumzi hata ya kusalimia. Karani aliisoma mara moja, akairudia, kisha akageuza daftari la mapokezi lililokuwa tupu toka juu hadi chini.

— Mtaa mzima, mama, wewe ndiye wa kwanza, alisema, akagonga muhuri. Tukipata pingamizi ni lazima twende tukaangalie. Kesho unafungua saa ngapi?

— Saa kumi na mbili asubuhi, alisema Mama Birika. Mje mapema, mkichelewa hamtapata pa kukaa.