Wiebren Talsma, Mhesabu Sheria (1929–1988)

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Hague kwa treni ya alfajiri: nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu sisi tuliozaliwa tumbo moja nimebaki mimi tu. Ninaitwa Froukje, mdogo wake marehemu. Wifi yangu na binti yake wameniomba nisiseme maneno makali mbele ya kaburi. Nitasema yaliyotokea.

Marehemu Wiebren Talsma alizaliwa hapa Ferwerd tarehe 3 Machi 1929, mtoto wa kwanza wa Doeke Talsma, mkamuaji wa ng'ombe wa watu, na mkewe Ymkje. Ulikuwa mwaka wa baridi kali, na mkunga aliletwa akivutwa juu ya mfereji ulioganda. Alipokuwa na miaka sita, baba alimtuma zizini akahesabu ng'ombe. Alikaa sana, kisha akarudi na swali: "Baba, yule mwenye ndama tumboni nimhesabu mmoja au wawili?" Baba alicheka wiki nzima. Hakujua kwamba mwanawe angeulizwa swali hilo hilo maisha yake yote, na asipate jibu.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1935, kisha akasoma Leeuwarden, akienda na kurudi kwa baiskeli, mpaka alipopata cheti mwaka 1947. Mwaka uliofuata mama alipooza upande mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikatolewa shule ili nimuuguze. Sheria ya kumlazimisha mtoto kusoma ilikuwepo. Mkaguzi alipokuja, baba alimwambia nina kifua kibovu. Marehemu alikuwa mezani, anakula uji wa maziwa. Sheria ile aliijua, namba yake na mwaka wake. Hakuinua macho kwenye bakuli.

Alianza ukarani katika ofisi ya kijiji mwaka 1948, na mwaka 1955 akahamia Hague, katika ofisi moja ya serikali. Oktoba 1961 mkubwa wake alimsimamisha kwenye ngazi. Kisa hiki amekisimulia kila siku ya kuzaliwa ya kila mtu katika ukoo huu, tumekaa duara na vikombe vya kahawa magotini.

"Talsma, hivi nchi hii ina sheria ngapi? Waziri ameulizwa bungeni."

"Sijui, bwana."

"Basi jua. Niletee Ijumaa."

Na marehemu alikuwa akimalizia hivi: "Hakusema Ijumaa ya mwaka gani."

Ilipita miaka ishirini na saba. Kila sheria aliifungulia kadi, na kadi alizipanga katika masanduku ya viatu. Jumamosi alikuja nayo kwangu Oudermeer, jirani na Hague, mawili kila upande wa baiskeli, kwa kuwa mkewe alikataa yasiguse meza yake. Mama alikuwa ameshafariki, na tangu mwaka 1967 mimi nilikuwa nimepata nyumba katika Ua wa Sybrecht: ya vyumba viwili, mojawapo ya nyumba kumi na moja zinazozunguka bomba la maji, ambazo mjane mmoja wa zamani aliziacha kwa wanawake wasio na waume, wakae bila kodi hadi kufa. Pale nilimsomea kadi, naye akaandika. Kusoma kwangu nilijifunza vizuri kwenye kadi zile, si shuleni.

"Hii inasema tu kwamba penye kumi pasomeke kumi na tano," nilimwambia siku moja. "Nayo ni sheria?"

"Imepita bungeni, Malkia ametia saini. Ni sheria."

"Basi kiraka nacho ni blanketi."

"Ndiyo shida yenyewe, Froukje. Soma nyingine."

Kulikuwa na sheria iliyobaki nusu, nusu nyingine imefutwa. Kulikuwa na sheria za Wafaransa waliotutawala enzi za babu wa babu, ambazo hakuna aliyezifuta wala kuzitafsiri. Kulikuwa na sheria ya daraja moja, na daraja lenyewe lilishabomoka. Na kulikuwa na sheria ambayo kazi yake yote ni kufuta sheria nyingine. Hiyo ilimsumbua kuliko zote.

"Ikishafuta, imekufa au iko hai?"

"Mchimba kaburi akimaliza kazi, kaka, haingii kaburini. Anakwenda kunywa kahawa."

Alicheka, akaandika "hai." Nasema haya mjue kwamba baadhi ya maamuzi yale yalitoka jikoni kwangu. Katika ripoti zake nimetafuta jina langu. Halimo.

Mwisho alijitungia kanuni. Kama kwa miaka hamsini hakuna ofisi iliyopokea barua yoyote kuhusu sheria fulani, hakuna malalamiko, hakuna kesi, hakuna swali, basi sheria hiyo imekufa. Wakubwa wake waliisifu. Ilipunguza kazi.

Kuhusu ndoa: alimuoa Geesje Wolthuis wa Winschoten tarehe 11 Mei 1957, wakajaliwa binti mmoja, Ymkje, aliyepewa jina la mama yetu. Alikuwa mume mtulivu na baba asiyepiga. Geesje alizoea kusema, "Nimeolewa na mtu anayejua sheria zote isipokuwa ya kutoa takataka." Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kuteleza kwenye barafu, akitembea nyuma yake, mtoto akisukuma kiti cha jikoni, mpaka alipoweza peke yake.

Majira ya baridi ya mwaka 1971, nilitoa sandukuni kadi ya amri ya mfalme ya mwaka 1821. Ilisema uwanja wa Ua wa Sybrecht usiuzwe, na wanawake wakaao humo wasitolewe wala kutozwa kodi. Nilifurahi kama mtu aliyeona picha yake gazetini.

"Kaka, hii ni yetu."

Aliichukua, akaigeuza nyuma. "Haina barua hata moja," akasema, akairudisha sandukuni. Sanduku lipi sikuona. Nilikuwa namimina kahawa.

Mwaka 1985 bunge lilipitisha sheria moja ya kuzika zote alizoziita wafu. Zilifutwa kwa mamia, siku moja. Marehemu alipewa saa ya ukutani. Juni mwaka huu wasimamizi wa Ua wa Sybrecht wakatuletea barua, sisi kumi na mmoja, mkubwa wetu ana miaka themanini na sita: uwanja unauzwa, duka kubwa linataka mahali pa kuegesha magari, tuwe tumeondoka ifikapo tarehe 1 Machi 1989. Nilikwenda kwa wakili na jina la amri yetu. Alifungua kitabu, akapitisha kidole. "Ilifutwa mwaka 1985, mama. Hii hapa, ya mia sita na nne."

Ugonjwa wa marehemu ulijulikana wakati wa Pasaka mwaka huu, kansa ya kongosho. Aliacha kazi tarehe 1 Mei. Nilikwenda kumwona Hague tarehe 9 Septemba, nikamkuta amekaa kitandani, amekonda, penseli sikioni. Nilimpa ile barua ya wasimamizi. Aliisoma mara mbili.

"Ile amri ya Ua uliiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa wafu."

"Ulijua nakaa mle?"

"Nilijua."

"Na ukaiweka."

"Hakuna aliyeandika barua, Froukje. Miaka mia na hamsini, hata barua moja. Ningeibakiza ya dada yangu, ya wengine ningesemaje?"

"Tungeandika barua gani, kaka? Kwamba jana tumelala vizuri?"

Aliikunja ile barua, akasema, "Kumbe iliyokuwa inafanya kazi kuliko zote ndiyo haikuwa na barua."

"Kumbe," nikasema.

"Basi zipo nyingine."

"Hizo mimi sizijui. Mimi naijua yangu."

Niliondoka bila kumuaga vizuri. Hilo nalo lilitokea, nami nalisema.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Hague siku ya Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1988, saa nne asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Mimi nilikuwa Oudermeer nafunga vyombo kwa magazeti.

Juzi Geesje alinipigia simu kuhusu maandishi haya. "Wifi, usisahau kuweka namba ya sheria. Watu wa ofisini wanakuja. Mtu kafanya kazi miaka ishirini na saba, asizikwe bila namba."

"Namba ipi?"

"Ya mwisho kwenye daftari lake. Njoo ulichukue."

Nilikwenda. Tulilifungua pamoja juu ya ile meza yake isiyoguswa na masanduku. Namba ilikuwepo, imepigiwa mistari miwili chini kwa wino. Lakini juu yake alikuwa ameikata kwa penseli, na pembeni ameandika tarehe 10 Septemba na maneno mawili: "Waulizwe walionyamaza."

Geesje aliyasoma, akafunga daftari. "Basi usiweke," akasema.

Kwa hiyo sijaweka. Waziri aliyeulizwa swali lile alishafariki. Jibu ni kwamba haijulikani, na marehemu ndiye aliyegundua hivyo, siku iliyofuata baada ya mimi kuondoka kwake. Hakunipigia simu kuniambia. Na amri yetu haikurudi kwa kukatwa namba.

Marehemu ameacha mjane, Geesje, binti, Ymkje, mkwe mmoja na wajukuu wawili, Doeke na Rixt, mimi dada yake, na wanawake kumi wa Ua wa Sybrecht ambao hakuwahi kuwauliza neno, wanaotafuta pa kwenda.

Sasa majirani watalibeba jeneza kulizunguka kanisa mara tatu, kama ilivyo kwetu. Jambo hilo halijaandikwa popote. Hakuna kadi yake, hakuna barua yake, na leo wanaume wanane wamekuja wenyewe bila kuitwa. Baadaye kutakuwa na kahawa na keki kwenye ukumbi wa kanisa.

Kaburi hili tumepewa kwa miaka ishirini. Mwaka 2008, asipotokea mtu wa kuandika barua ya kuomba muda zaidi, jiwe litang'olewa na mahali hapa atalazwa mwingine. Nitakuwa na miaka sabini na moja, na sijui nitakuwa nakaa wapi. Barua hiyo nitaiandika mimi.

Apumzike kwa amani. Yeye hatahamishwa.