Ziro Mwero na Vioo vya Watu wa Msambweni

Wasifu wa marehemu Ziro Mwero Shutu, unasomwa na shemeji yake, Kanze Kombe, siku ya mazishi, Ndavaya, Jumanne tarehe 12 Agosti 1969.

Marehemu tulijuana kwa ajili ya chupa. Ilikuwa Februari 1963, nami nauza mafuta ya nazi sokoni Msambweni na kukusanya chupa tupu kwa yeyote aliyekuwa nazo. Akaja kijana mwembamba, amevaa soksi ndefu kwenye jua lile, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza kama naweza kumpatia chupa nyingi zenye vizibo.

"Za kutilia nini, baba?"

"Mkojo, mama."

"Wako?"

"Wa watu."

"Watu gani hao walioshindwa na kichaka?"

Hakucheka. Alieleza kwamba yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo, anasoma shahada ya juu, na kwamba anataka kutazama chembe hai zinazotoka katika kibofu cha watu wenye kichocho. Nikataja bei. Akaikubali papo hapo. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, maana mtu anayekubali bei ya kwanza hana mwenyeji wa kumwambia. Nikaipunguza mwenyewe, nikaweka sharti badala yake: watu wa nyumba yangu wapimwe kwanza, na atakayeonekana mgonjwa apelekwe kuchomwa sindano kabla ya mwingine yeyote. Tukapeana mikono.

Ziro alizaliwa tarehe 14 Machi 1935 hapa hapa Ndavaya, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mwero Shutu na mama Kadzo. Alichunga mbuzi wa babake, akaoga kwenye lambo pamoja na watoto wenzake na ng'ombe wa kila mtu. Kaka yake, Shutu, anakumbuka siku Ziro alipokojoa damu kwa mara ya kwanza. Alikuja mbio nyumbani anashangilia kwamba sasa amekuwa mwanamume, kwa sababu ndivyo wavulana walivyoambiana. Mama Kadzo akamchinjia jogoo. Shutu alinuna wiki nzima, kwa kuwa yeye mkubwa alikuwa bado.

Alianza masomo mwaka 1943 katika shule ndogo ya misheni upande wa Kinango, akaenda bweni Kaloleni, na mwaka 1956 akaingia Makerere, ambako alihitimu shahada ya sayansi mwaka 1960. Mwaka uliofuata alipelekwa Uingereza. Alikaa huko miezi mingi ya baridi akijifunza kupaka mkojo juu ya kipande cha kioo, kukitia rangi, na kukisoma kwa hadubini. Nilimuuliza mara moja Uingereza kukoje. Akasema, "Kuna watu wengi wanaosema samahani." Zaidi ya hapo sikupata kitu kwake.

Swali lake lilikuwa hili, na nitalieleza kama alivyonieleza mimi. Mtu aliyekaa na kichocho miaka mingi huweza kupata uvimbe mbaya kwenye kibofu, na anapokuja hospitali huwa ameshachelewa. Ziro aliamini kwamba chembe za kibofu huanza kubadilika sura mapema, mtu akiwa bado anapanda minazi na kucheza ngoma, na kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kwenye mkojo wake. Kama ni kweli, mtu angetibiwa kabla hajaugua. Kazi hiyo ndiyo ingempa udaktari wa falsafa.

Lakini Msambweni hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kumpa mgeni kitu kilichotoka mwilini mwake. Wazee kwa vijana walijua kwamba kucha, nywele, damu na mkojo, vikilala mikononi mwa mtu mwingine, humpa uwezo juu ya mwenyewe. Wiki za mwanzo Ziro alikaa na chupa zake safi zimepangwa, hana hata moja iliyotiwa kitu. Nilimpeleka kwa Bi Mwanapili, ambaye neno lake lilisikizwa na wanawake wote wa mtaa wa pwani. Bibi alimpima kwa macho toka soksi mpaka miwani.

"Wewe wa bara, ukimaliza kuutazama unaupeleka wapi?"

"Ninaumwaga, bibi."

"Unaumwaga wewe?"

"Ndiyo."

"Hapana. Kila mtu atarudishiwa chake kabla ya alasiri, akamwage mwenyewe, anapopajua yeye. Chochote kilichotoka kwa mtu kirudi kwa mtu. Unaweza?"

"Naweza, bibi."

Aliweza. Kila siku mchana watu walipanga foleni kuchukua chupa zao, wakaenda kumwaga mkojo wao wenyewe kwa heshima kana kwamba wamebeba maji ya zamzam. Wageni waliopita njiani walifikiri tumerukwa na akili. Mimi nilikuwa nakusanya chupa nikazioshe, na nakumbuka hakuna iliyowahi kupotea.

Katika miaka hiyo aliishi chumba cha nyuma ya duka moja, peke yake. Watu walimpa mkojo lakini hawakumpa mazungumzo. Walimwita Bwana Chupa, na mama akimwona anakuja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa njia. Alikuwa anatoka chumbani jioni na duara jekundu la hadubini limejichora kuzunguka jicho lake la kulia, anasimama mlangoni kama mtu aliyetoka safarini na hakuna aliyekuja kumpokea. Uhuru ulipokuja Desemba ile, wenzake wa Makerere waliitwa Nairobi, wakapewa ofisi na magari. Yeye alibaki na hadubini. Siku moja nilifuata chupa nikamkuta anatembea huku na huku.

"Kanze, leo nimeona kitu."

"Kitu gani?"

"Chembe. Kiini chake kimekuwa kikubwa, kimejikunja. Mwenyewe ni mzima kabisa, jana alikuwa juu ya mnazi."

"Inauzwa?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akakaa kitandani. Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka. Nilielewa kwamba alikuwa amengoja mtu wa kumwambia tangu asubuhi, na kwamba mtu huyo ikabidi niwe mimi, ambaye sikuelewa nusu ya alichosema.

Mdogo wangu Sidi alikuwa akimpelekea chakula, kwa malipo. Baadaye malipo yakakoma na chakula kikaendelea, nikajua biashara imeharibika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 25 Aprili 1964. Mahari tulijadiliana mimi na Shutu toka asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, wakati bwana harusi mwenyewe amekaa nje anasoma. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kache, aliyezaliwa mwaka 1966. Sidi amenituma niseme kwamba alikuwa mume mpole, na kwamba yeye Sidi hakuwahi kujua mumewe anawaza nini.

Yule aliyekuwa juu ya mnazi aliitwa Chande, mwana wa pekee wa Bi Mwanapili. Ziro alimwambia aende hospitali kuu Mombasa. Chande akamjibu, "Mwalimu, mimi siumwi popote," na alisema kweli. Alianza kuumwa mwezi wa nane, na Novemba 1964 tukamzika. Kwa Ziro, kioo chenye chembe za Chande kilikuwa ndicho uti wa kazi yake yote, kwa sababu kilionyesha ugonjwa kabla mgonjwa hajaujua.

Juni 1965 alikuwa anafunga vioo vyote kwenye sanduku la mbao, vipelekwe Uingereza wakaguzi wake wavione kwa macho yao. Habari ikatembea. Bi Mwanapili alifika mlangoni, hakukaa alipoambiwa akae.

"Mwanangu yumo humo?"

Ziro angeweza kusema mengi. Vile vioo alivinunua yeye, rangi alitia yeye, na mkojo aliourudisha ulirudi wote isipokuwa tone. Yeye aliona makubaliano yalikuwa ya chupa. Watu wa Msambweni waliona makubaliano yalikuwa ya kila kilichotoka kwa mtu, na tone ni kitu. Hakusema hata moja kati ya hayo.

"Yumo, mama."

"Basi nilimzika pungufu."

Akaondoka. Nilibaki na Ziro chumbani, nikamwambia linalofaa. "Mpe kioo chochote. Paka rangi, mpe. Hajui kusoma chembe yule. Yeye apate moyo wake, wewe upate shahada yako."

"Hapana, shemeji."

"Nani atajua?"

"Ataenda kuzika rangi, akidhani anazika mwanawe. Mimi nitakuwa najua."

Mpaka leo naona lilikuwa pendekezo zuri, na kila upande ungetoka na kitu. Kesho yake alikifunga kile kioo kwa pamba na kitambaa cheupe, akakipeleka kwa mikono miwili. Bi Mwanapili alikipokea. Walifukua kidogo upande wa kichwa wa kaburi la Chande, wakakiweka. Baada ya hapo wengine nao wakaja, mmoja mmoja, wakasimama mlangoni wakitaja majina yao. Aliwapa wote. Alikuwa anakitazama kila kioo kwa mara ya mwisho, anachora haraka alichokiona, halafu anakitoa. Sanduku lilipokwenda Uingereza lilikuwa na michoro.

Jibu lilikuja kwamba michoro ni mizuri sana, lakini haiwezi kukaguliwa, na bila vioo hakuna ushahidi. Aliambiwa anaweza kuanza upya mahali pengine, miongoni mwa watu wasiojuana naye. Nilimhimiza akubali, Sidi naye akamhimiza, maana kwa shahada hiyo Nairobi tulikuwa tunaiona kwa mbali. Alisema, "Na hao nitawaambia nini watakaponiuliza kilichotoka kwao kinakwenda wapi?" Ruzuku ya masomo ikakatika. Alipata kazi ya kufanya vipimo katika kliniki ndogo hapo Msambweni, kazi ambayo mtu wa darasa la nane angeweza kufundishwa, akaifanya mpaka nguvu zilipomwisha.

Watu walianza kumwamini siku ile ile aliyofilisika. Waliokuwa wakimkwepa walikuja wenyewe na watoto wao, na akiwaambia nendeni Mombasa, wanakwenda. Wapo watu walio hai leo kwa kwenda huko. Lakini kuaminiwa si sawa na kuwa na mwenzako. Walimletea samaki, nazi, mayai. Walimsalimu kwa mikono yote. Wakamaliza shida zao wakaenda zao. Michoro yake ilirudi kwa meli, akaiweka chini ya kitanda. Kwa miaka minne sikusikia mtu hata mmoja akimuuliza habari zake.

Januari 1968 alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye gunia, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Nimezipima zangu."

Nilimwelewa upesi. "Zikoje?"

"Kama za Chande."

"Lini umejua?"

"Toka mwaka jana. Sikutaka kumwambia Sidi kabla sijahakikisha. Nimehakikisha mara nyingi."

Alikuwa ameijua habari hiyo peke yake, chumbani, jicho moja limefumba, pasipo wa kumwambia. Nilimkemea kwa kuchelewa. Akasema kwamba za kwake zilikuwa zimechelewa tangu utotoni. Alipasuliwa Mombasa mwezi Machi, akarudi, akafanya kazi hadi Pasaka ya mwaka huu. Miezi ya mwisho Sidi alimuuguza nyumbani, na Bi Mwanapili alikuwa akija kukaa kando ya kitanda mchana kutwa. Hawakuzungumza sana. Siku moja nilimsikia Ziro akimuuliza kama bado ana kinyongo. Bibi akamwambia, "Lala, mwanangu, unanichosha." Alifariki Msambweni, Jumamosi tarehe 9 Agosti 1969, kabla ya adhana ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Nimezoea kutazama kila mapatano yameishaje, na haya nayatazama hivyo hivyo. Watu wa Msambweni walipata mpimaji waliyemwamini, na vilivyotoka kwao vikarudi kwao. Bi Mwanapili alimpata mwanawe kamili. Chuo kilikosa kazi ambayo huenda ingewafaa watu wengi nchi nyingine, na hilo ni hasara, sitalipamba. Sidi alikosa Nairobi, na sasa amekosa mume. Mimi nilipata mtu mmoja katika maisha yangu ambaye sikuweza kumshusha wala kumpandisha bei. Ziro alikosa cheo chake. Wengi walimwita daktari kwa heshima, naye kila mara alisahihisha, "Bado." Hakuacha kusema bado. Ndiyo maana tumeafikiana na Shutu kwamba msalabani liandikwe jina lake tu, bila cheo, kwa kuwa hangependa kupewa cha bure.

Marehemu ameacha mamake, Kadzo wa Mwero. Mjane, Sidi Kombe. Binti, Kache Ziro. Kaka, Shutu Mwero, na jamaa wa ukoo. Chuoni tulipeleka simu ya maandishi, hatujapata jibu. Kutoka Msambweni wamekuja wachache, kwa kuwa ni mbali, na tunawashukuru.

Mungu ampokee, ampumzishe, na ampe wa kuzungumza naye.