Kamashini ku Mukono, Sukari mu Kabati

Bamama na batata ba kikundi chetu cha bagonjwa ba sukari, jambo yenu. Muliniomba ushuhuda, basi leo mutavumilia, juu mi nikianza kusema sisimamake njiani. Majina sitataja. Na hakuna mutu ageuke kuangalia jirani yake.

Mi nilipikia bachimbaji ba kobalti bukari na samaki miaka mingi. Kiisha sukari ikanikamata. Munajua maisha yetu: kuchoma tumbo kwa insulini, kuchoma kidole kwa kupima, alafu kidole kile kile unakiingiza mu pilipili ya kutwanga. Wee! Kuna siku nililia mbele ya bateja, bo banafikiri ni moshi.

Njo mutoto yangu wa kwanza, anayefanya biashara kule Dilolo, akaniletea kamashini. Bengine munakavaa: kanabandikwa nyuma ya mukono, kako na kasindano kadogo kanaingia mu ngozi, na namba ya sukari inafika mu telefone bila kuchoma kidole. Nilicheza, bandugu. Nilizunguka kwa bajirani naonyesha mukono sawa bibi-arusi.

Lakini telefone haikukuwa yangu. Ilikuwa ya muke wa mutoto, tunayekaa naye hapa Kolwezi, na namba ilikuwa inaruka mpaka Dilolo. Kuanzia pale nikakuwa mutoto mu nyumba yangu. Nikikula embe, telefone inalia: “Mama, umekula nini?” Siku moja tuko ku kilio, batu banalia maiti, mutoto anapiga, muke wake anaweka sauti kubwa: “Mama amekula mikate ngapi?” Batu bakaacha kulia, bakanicheka. Na maiti alikuwa dada yangu.

Kiisha bakafungia sukari mu kabati na kadena. Funguo, muke wa mutoto anaificha mu sidiria. Munacheka? Mucheke, mi pia nachekaka sasa.

Basi, mu ile miezi ya baridi na vumbi, mafua ikanikamata. Ule bibi, muke wa mutoto, na hapa nasema kweli, alinichunga na mapendo. Akanunua vitamini C, bile bidonge bikubwa binachemukaka mu maji. Asubuhi kopo, muchana kopo, magaribi kopo. Nilikunywa, juu ilikuwa na ladha muzuri. Na namba ikaanza kupanda.

Tukaketi kikao. Mutoto mu telefone, muke wake mbele yangu, na mi sawa mwizi ku polisi. “Mama, unaficha sukari wapi?” Nikaapa. Bakainua godoro yangu, bakapekua mpaka nguo za ndani. Habakupata kitu, basi bakasema nilishamaliza kukula. Mutoto akaamuru: “Umuongezee insulini.” Muke wake akaniongezea.

Bandugu, nabaambia, haikupita muda. Mwili ukaanza kutetemeka. Jasho, na kuko baridi. Midomo ikakufa ganzi. Ile naijua, sukari yangu ikishuka inanifanyaka vile. Nikamuita: “Mwana, nipatie sukari, niko nashuka.”

Akanionyesha telefone. Mia mbili na makumi ine, juu kabisa. “Mama, aibu. Sasa unaigiza ugonjwa juu ya sukari?”

“Niko nakufa, mwana.”

“Utakufa na tamaa yako.” Akaenda kuanika nguo, na funguo yake.

Nikatambaa mpaka ku jikoni. Nilikuwa natafuta nini, sijui. Nikaanguka juu ya mbabula ya kupikia, makala yake ikiwa nyekundu ya moto, na mukono wa kuume ukabaki mu moto. Sikusikia maumivu. Akili ilishazimika.

Harufu njo iliita jirani. Ule jirani tulikuwa hatusalimiane juu ya maji machafu ya kiwanja. Akanivuta, akalowesha sukari yake ya chai, akaanza kunipakaza ndani ya mashavu na kidole. Muke wa mutoto akapiga kelele: “Usimupe! Utamuua! Angalia namba!” Jirani akamujibu: “Toa ile telefone mbele yangu, nisiitupe mu choo!”

Ku lopitalo bakachoma kidole: sukari chini sana, ata kiisha ya ile ya jirani. Kamashini ku mukono: bado juu. Mutoto akapiga toka Dilolo, na munisikie muzuri, ngozi yangu iliungua inanuka chumba yote, ye anasema: “Lakini hapa naona iko juu, bamuchome insulini.”

Enfirmie mwenye alikuwa ananifunga kidonda akauliza nilikuwa nakunywa nini. Kusikia vitamini C, akafunga macho. Akatuelezea: aina ile ya kamashini, vitamini C mingi inakadanganya, kanaona sukari yenye haiko. Na ata siku muzuri, kanapima maji ya chini ya ngozi, haiko damu yenyewe. Damu ikishuka mbio, namba inafika nyuma.

Bakanikata bidole bibili. Mutoto akafika, akaingia mu chumba, na kitu cha kwanza aliangalia ni telefone. Nikamuambia: “Mutoto yangu, mi niko hapa, ku kitanda.” Akalia. Sikumufariji. Nilikuwa na hasira, Mungu anisamehe: nilitamani muke wake naye aungue kidogo, aonje. Miezi nilikula chakula yake bila kumuambia aksanti.

Kilichonigeuza ni siku ya kwanza ya kujichoma kidole na mukono wa kushoto. Kidude cha kuchoma kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Ule bibi akapiga magoti, akachukua sindano yake, akachoma kidole chake mwenyewe mbele yangu. Damu ikatoka. “Sasa yako, mama.” Tangu pale, kila mara tunapima, anaanzaka na yake. Sikumuomba.

Kamashini nakavaa mpaka leo. Kananisaidia, sitakatukana. Lakini telefone iko mu mufuko yangu, na mwili ukibisha namba, tunachoma kidole.

Aksanti kwa jirani, aksanti kwa enfirmie, aksanti kwa ule bibi. Aksanti kwa Mungu aliyeniachia bidole munane. Na nabaomba neno moja: mugonjwa wenu akitetemeka, mumupe sukari, kupima kiisha. Ikiwa mulikosea, sukari ikapanda, itashushwa. Ikiwa mulimukatalia na ilikuwa chini, kesho munachimba kaburi.

Sawa ule mama wa nyuma kabisa, wa kitenge ya kijani. Tangu nianze kusema namuangalia: anajifuta jasho, na hapa kuko baridi. Na we binti yake pale pembeni, wacha telefone. Sikuulizi inasema nini. Mumuletee chupa ya sukre, ile soda ya sukari. Sasa! Makofi mutapiga kiisha.